Sambusa za sangara kwenye siku ya kubadilishana vitu

Dada, umeuliza kama unaweza kupeleka sambusa za sangara na achari ya maembe kwenye siku ya kubadilishana nguo na vyombo hapo Nyegezi, bila kibali, kwa kuwa ni shughuli ya majirani tu.

Usiende kimya kimya. Kwanza muone afisa afya wa kata yako. Anayewapikia watu kwa biashara anatakiwa awe amepimwa afya, na hata ukibadilisha sambusa kwa sufuria badala ya kupokea hela, tumbo la mlaji ni lile lile. Waandaaji nao waulize mapema, maana wengine hukubali vitu vikavu tu.

Achari hainipi shida sana ikiwa chupa zimechemshwa na umebandika karatasi yenye viungo na tarehe ya kutengeneza. Kama una karanga humo, andika.

Sangara ndiye ananitia hofu. Mimi niliwahi kufunika sambusa za moto kwenye ndoo. Zikatoa jasho, zikalainika, na saa nane mchana zilikuwa zinanuka. Nilizimwaga zote. Vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60, na jua letu unalijua. Kaanga kidogo kidogo pale pale, samaki aliyeandaliwa akae kwenye barafu. Tumia koleo, na anayeshika hela asishike chakula. Beba maji ya kunawa yanayotiririka, ndoo yenye koki inatosha. Zitakazobaki jioni, usiwape watoto wa jirani.