Mbwa wa Bukini hawi wa kizungu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu amerudi kutoka Dar es Salaam na mbwa mdogo mweupe, mwenye manyoya marefu, wa aina iitwayo Coton de Tuléar. Hapa mtaani kwetu kila anayemwona anasema ni "mbwa wa kizungu", na aliyemuuza ameandika kwenye kadi ya chanjo: "Spishi: kizungu". Binti anashikilia kwamba asili ya mbwa huyu ni Madagaska. Kwa Kiswahili fasaha tumwiteje? (Msomaji, Ilazo, Dodoma)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Binti yako amesema kweli, na kadi hiyo ina maneno mawili ambayo yote mawili ni makosa.

Coton de Tuléar ni jina la Kifaransa, na maana yake ni pamba ya Tuléar. Tuléar ndivyo Wafaransa walivyouandika mji wa bandari ambao leo unaitwa Toliara, kusini-magharibi mwa Madagaska, upande unaotazamana na Msumbiji. Pamba inayotajwa ni manyoya yake, ambayo ukiyashika hayatelezi kama hariri, bali yanajaa mkononi, makavu na mepesi, kama pamba iliyotoka kuchambuliwa. Ukimtazama wa kwenu kwa karibu huenda ukaona baka hafifu la rangi ya asali masikioni, nalo lisikutie shaka, kwa kuwa wengi wao huzaliwa na mabaka ambayo hufifia kadiri wanavyokua. Simulizi moja inadai kwamba mababu zake waliogelea hadi ufukweni kutoka katika meli iliyozama, nami naiacha ibaki simulizi. Kilicho wazi ni kwamba ni jamaa wa mbwa wadogo weupe wa Mediterania, kama vile Maltese na Bolognese, waliosafiri na mabaharia na walowezi, na kwamba umbo alilo nalo sasa alilipatia kisiwani. Mwaka 1970, miaka 10 baada ya Madagaska kupata uhuru kutoka kwa Ufaransa, shirikisho la kimataifa la wafuga mbwa, FCI, lenye makao yake Ubelgiji, lilimtambua kuwa aina inayojitegemea, na katika maandishi yake nchi ya asili iliyotajwa ni Madagaska. Klabu ya Marekani, American Kennel Club, ilimtambua mwaka 2014.

Nashukuru umeuliza, kwa sababu hili la "kizungu" limenikera kwa miaka mingi. Neno Mzungu lenyewe huhusishwa na kitenzi kuzunguka, na sina ugomvi nalo, wala sina ugomvi na "mavazi ya Kizungu" pale ambapo kweli tunazungumzia mavazi ya Wazungu. Ninachokipinga ni kuligeuza neno hilo kuwa kapu la kutupia kila kiumbe ambacho ni kidogo, kisafi na cha bei kubwa. Mfikirie Pekingese, mbwa aliyelelewa katika majumba ya wafalme wa China. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora Kasri la Majira ya Joto huko Beijing, na miongoni mwa vilivyochukuliwa walikuwamo mbwa hao. Mmoja wao alipelekwa kwa Malkia Victoria, akapewa jina Looty, linalotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya nyara. Mbwa wa aina hiyo akipita leo barabarani hapa Dodoma ataitwa mbwa wa kizungu. Mchina ameporwa mbwa wake, kisha lugha yetu inakuja kumkabidhi aliyepora hati ya umiliki. Siwezi kulikubali jambo hilo.

Wazee wetu hawakuwa wazembe kiasi hiki. Chukua bata bukini, ndege ambaye kila mtoto wa shule amemwona kitabuni. Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la Madagaska, na watu wake waliitwa Wabuki, jina ambalo bado linasikika Mayotte, ambako lahaja ya Kimalagasi inayozungumzwa kisiwani humo inaitwa Kibushi. Mswahili wa pwani alipomwona bata yule mwenye shingo ndefu hakumwita bata mgeni wala bata mkubwa, bali alimhusisha na kisiwa, kisiwa chenye jina, ambacho nahodha aliweza kukielekeza chombo chake na kukifikia. Atakayenijibu kwamba asili ya bata huyo si Madagaska, na kwamba bata bukini wa kufugwa wametokana na bata mwitu wa Ulaya na Asia, atakuwa amesema ukweli, lakini atakuwa hajanijibu. Jina linaweza kukosea chimbuko na bado likatunza kumbukumbu ya njia, yaani wapi watu walikutana na kitu hicho au kilifika kupitia kwa nani. Bukini ipo kwenye ramani, mtu akaiuliza, akaichunguza, hata akalisahihisha jina. "Kizungu" haipo kwenye ramani yoyote. Malta, Uskoti na Ujerumani zote zimo humo, na sasa Beijing na Toliara nazo zimesombwa. Viazi ulaya nimevivumilia, ingawa asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, kwa kuwa neno limekwisha kukomaa na kuingia katika kamusi. Mbwa wa kizungu halijakomaa, na bado tunao muda wa kulikataa.

Kosa linakuwa kubwa zaidi kwa mbwa huyu wa binti yako, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kimalagasi ni lugha ya ukoo wa lugha za visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, lakini majina yake kadhaa ya wanyama wa kufugwa yalitoka kwa Wabantu wa upande wetu wa bahari. Ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, na mbwa ni amboa. Litamke polepole: amboa. Ni mbwa wetu yuleyule, aliyevuka maji akapata irabu mbili. Watu waliochukua neno la kumwita mnyama huyu kutoka pwani ya Afrika ndio ambao katika kisiwa chao Coton de Tuléar alipata umbo lake, kisha sisi wenye neno tunamwita wa kizungu!

Kuhusu "spishi" nitakuwa na maneno machache. Spishi ni istilahi ya biolojia, na mbwa wote wa kufugwa, kuanzia huyu wa pamba hadi yule anayelinda mifugo kule Chamwino, ni wa spishi moja. Kinachowatofautisha ni aina, na anayetaka neno la kitaalamu zaidi anaweza kutumia mbari. Wafugaji wa mkoa huu hawana tatizo hilo. Nimesimama mara nyingi kwenye mnada wa Msalato nikamtazama dalali akiweka kiganja juu ya nundu na kutaja bila kusita: huyu wa Kigogo, huyu Borana, huyu chotara. Ng'ombe wa Mpwapwa, aliyetengenezwa katika kituo cha utafiti wa mifugo wilayani humo, ana damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka bara Hindi, ya Borana, ya zebu wetu wa asili, na hata ya Ayrshire wa Uskoti. Sijamsikia mfugaji akimwita ng'ombe wa kizungu kwa sababu ya hiyo damu ya Uskoti, wala spishi ya Mpwapwa. Anaitwa Mpwapwa, kwa kuwa ndipo alipopatikana. Haki hiyohiyo apewe mbwa wa Toliara, hata kama mababu zake walipanda meli kutoka Mediterania.

Kwa hiyo mwiteni mbwa wa Madagaska, ambalo ndilo jina litakaloeleweka mara moja, au mbwa wa Bukini, ambalo mimi nalipendelea zaidi. Majirani zako wa Ilazo sitawasumbua kwa yale wanayoyasema wakiwa wamesimama getini, ila kadi ya chanjo ni maandishi na itasomwa na daktari wa mifugo. Mwambie binti akate kwa kalamu maneno yote mawili na juu yake aandike: "Aina: Coton de Tuléar. Asili: Madagaska."