Neno la mwezi ni "jino"

SWALI: Kikundi chetu cha picha kimechagua neno "jino". Nimeshapiga meno ya mwanangu, nini kingine? Na kwa nini picha za karibu hutoka na ukungu? Natumia simu. – Msomaji, Tanga

JIBU: Neno umelipata zuri. Msumeno una meno, kitana kina meno, gia ya baiskeli hali kadhalika. Ila anza na mbuzi ya kukunia nazi: meno yake yamepangwa nusu duara, na chembe za nazi zikinasa katikati picha inakuwa na uhai. Cheko la mtoto liache, kila mwanakikundi ataleta hilo.

Ukungu unatokana na kusogea mno. Kamera kuu ya simu nyingi haioni vizuri chini ya sentimita 10 hivi. Rudi nyuma hadi 20, kisha kuza mara mbili. Gusa skrini penye jino la mbele, shikilia hadi fokasi ijifunge. Egemeza simu kwenye kopo na utumie taima ya sekunde 3, maana hata kugusa kitufe kunaitikisa.

Chuma kina udhia wake: kinang'aa hadi doa jeupe lisilo na kitu. Usiwashe flashi. Weka mbuzi kando ya dirisha, mwanga uingie kwa ubavuni, na upande wa giza simamisha karatasi nyeupe. Likibaki doa, punguza mwanga wa picha kwenye kamera (si mng'ao wa skrini) kabla ya kupiga; baadaye halirekebishiki.