Nazi, mnazi na Mnazi: majibu kwa wasomaji

Mwalimu, neno Unazi lina undugu na nazi ya kukunia? (Mwanafunzi, Tanga)

Halina. Limetoka Ujerumani, kwa kufupishwa jina la chama cha Adolf Hitler, Nationalsozialistische Deutsche Arbeiterpartei, yaani Chama cha Kitaifa cha Kisoshalisti cha Wafanyakazi wa Ujerumani, kilichoanza kujiita hivyo mwaka 1920. Wenyewe hutamka "natsi". Kwetu limegongana na nazi, na ngeli ndiyo inayotuokoa: minazi imekatwa, Wanazi wameshindwa. Mfuasi ni Mnazi kwa herufi kubwa, itikadi ni Unazi.

Chama hicho kilijiita cha kisoshalisti. Kilikuwa cha ujamaa? (Msomaji, Kisumu)

Hapana, jina lilikuwa chambo cha kuwavuta wafanyakazi. Hitler alishika madaraka Januari 1933. Kufikia Mei vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimevunjwa, na wakomunisti na wasoshalisti walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufungwa katika kambi ya Dachau. Kiini cha Unazi ni ubaguzi wa damu: Mjerumani bwana, Myahudi hastahili hata kuishi. Kwa imani hiyo waliuawa Wayahudi wapatao milioni 6.

Na ufashisti je?

Ufashisti ni pana zaidi, na jina lake lilianzia Italia ya Mussolini. Unazi ni tawi lake la Kijerumani, lililoweka rangi na damu mbele ya yote.

Bwenini tunamwita msimamizi wetu Mnazi kwa ukali wake. Kuna ubaya? (Mwanafunzi, Morogoro)

Upo, mwanangu, na naomba mwache. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin, akawa mhudumu wa mgahawa, akaigiza filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Lugha hii hii unayoniandikia! Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mzungu. Hakufikishwa mahakamani. Walimtia katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944.

Huo ndio uzito wa neno mnalolitupa bwenini. Msimamizi anayezima taa saa nne ni mnoko, mwiteni hivyo.