Polepole Hujifunzwa Ukiwa Bado Kazini

Wadogo zangu mlioajiriwa juzi, mimi sasa nahesabu miezi iliyobaki kabla ya kustaafu. Nangoja kwa hamu asubuhi zisizo na kengele, kitabu kinachosomwa mpaka mwisho, mazungumzo yasiyokatwa na simu ya bosi. Nyinyi mkinisikia nikisema hivyo mnaniuliza kama sitachoka kukaa bure. Jibu langu ni refu kidogo, na sehemu yake kubwa inawahusu nyinyi kuliko mimi.

Umri wa kustaafu ni mstari uliochorwa na watunga sheria. Ujerumani ilipoanzisha pensheni ya uzeeni mwaka 1889, wakati wa Kansela Bismarck, mkuu wa serikali yake, umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, na mwaka 1916 ukashushwa hadi 65. Mwili haujui habari za mstari huo. Aliyezoea kukimbizana na kazi maisha yake yote ataamka kesho yake moyo ukimwenda mbio vilevile, ila sasa hana pa kuwahi. Mwaka 1967 madaktari wawili wa magonjwa ya akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio ya maisha na uzito wa msukosuko wa kila moja. Kufiwa na mwenzi wa ndoa kulipewa alama 100, kufukuzwa kazi 47, kustaafu 45. Yaani kuagwa kwa hotuba na zawadi kumepishana na kufukuzwa kwa alama mbili tu! Ndiyo maana siwashangai wastaafu wanaopitapita ofisini eti kusalimia.

Kwa hiyo utulivu wa kustaafu uanze kuzoewa sasa, na mahali pa kuuzoelea ni likizo. Hapo ndipo wengi wenu mtakwama, kwa sababu ya fikra moja niliyoikuta kila ofisi niliyofanya kazi: kwamba ukiwa wewe peke yako unayejua jambo fulani, hakuna wa kukugusa. Mtu anaificha kazi kichwani mwake na kuona amejijengea ngome. Matokeo yake anakwenda likizo na simu mkononi, anajibu maswali akiwa kitandani, na akirudi ana hasira na kila mtu.

Dawa yake ni kuandika. Nina faili la kukabidhi ambalo naliongezea kurasa kila mwezi, na halina maneno makubwa. Lina mambo kama haya: ripoti ya robo mwaka ianze kukusanywa wiki tatu kabla, kwa sababu idara moja huchelewa siku zote; jedwali la matumizi lina safu ya ziada upande wa kulia, msiifute, wakaguzi huiulizia; printa ikigoma, fungua mlango wa nyuma kwanza kabla ya kumwita fundi. Kama hujui pa kuanzia, chukua likizo ya wiki moja, kisha ukirudi waulize wenzako walikwama wapi. Kila swali walilokupigia simu ni ukurasa unaokosekana kwenye faili lako. Mwaka unaofuata simu zitapungua. Na usiogope kwamba ukiyaandika yote utaonekana huhitajiki. Katika ofisi nilizopitia, anayepandishwa cheo ni yule ambaye nafasi yake ya chini ina mtu wa kuishika kesho.

Kuhusu fedha nitasema machache, maana kila mtu atawaambia muweke akiba. Chukua 72, gawa kwa kiwango cha mfumuko wa bei, utapata takriban miaka ya bei kupanda maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12. Kwa asilimia 9 ni 8. Pensheni isiyopandishwa inaliwa namna hiyo huku wewe umekaa kibarazani. Jambo ambalo hawatawaambia ni hili: kila mwaka ombeni taarifa ya michango yenu ya pensheni na muisome mstari kwa mstari. Je, jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho? Tarehe ya kuzaliwa ni ileile? Kuna miezi ambayo mshahara ulikatwa lakini mchango haukufika? Kosa la mwaka huu linarekebishwa na mhasibu ambaye bado yupo ghorofa ya juu. Likikaa miaka 20, mhasibu ameshahama, kampuni imebadili jina, na wewe ndiye unayezunguka na bahasha ofisi hadi ofisi. Tunzeni slipu za mshahara na barua ya ajira. Na kiinua mgongo kikija, kisiwe mtaji wa biashara ambayo hujawahi kuijaribu hata kwa kiasi kidogo.

Mwili nao unahitaji kutunzwa mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na ya kuuzoeza mwili usiyumbe, siku tatu au zaidi, ili wasianguke. Kutembea polepole kwa hiari ni raha. Kutembea polepole kwa sababu magoti yamekataa ni habari nyingine.

Halafu kuna nyumbani. Mwenzi wako ana ratiba yake, na kwa miaka yote hiyo ameipanga wewe ukiwa haupo mchana. Mstaafu anayeamka na kuanza kuhoji kwa nini mapazia yanafunguliwa saa hii na si saa ile anatafuta ugomvi bure. Sisi tumeshakubaliana mapema: asubuhi kila mtu na shughuli zake, tunakutana mchana. Marafiki wa nje ya kazi nao watafutwe mkiwa bado na kazi, kwa sababu urafiki wa ofisini mara nyingi huisha pale mada za ofisini zinapoisha.

Basi, kuhusu kukaa bure: habari za kustaafu kwangu zilipovuja tu, nilianza kuombwa niingie kwenye kamati, niwe mweka hazina, nisimamie hiki na kile, kwa kuwa eti nitakuwa na muda. Wote nimewajibu waniulize tena baada ya mwaka mmoja.