Kabla ya Kuuliza Bei ya Leza, Uliza Konea Yako na Kazi Yako

Mtu anayetaka kuachana na miwani kwa njia ya upasuaji kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei, kisha humtafuta rafiki aliyekwisha kufanyiwa ili naye afuate njia ileile. Ningeshauri maswali hayo yatanguliwe na mengine mawili: konea yako, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, ina unene na umbo gani, na siku zako unazipitisha wapi. Mimi ni mpima ardhi. Sehemu kubwa ya kazi yangu iko nje, mkoani Dodoma, kwenye jua kali na upepo wa vumbi, na jioni nikiwa mjini hucheza mpira wa kikapu. Nilikuwa sioni mbali, diopta (kipimo cha nguvu ya miwani) hasi 4 hivi kila jicho, na konea zangu zilitosha kwa njia yoyote ya leza. Kilichoamua nifanyiwe njia ya leza iitwayo PRK badala ya nyingine, LASIK, iliyosifiwa na wenzangu kilikuwa ni maisha ninayoishi.

Katika LASIK, daktari hukata tabaka jembamba la konea, hulifunua kama ukurasa wa kitabu, leza huchonga sehemu iliyo chini yake, kisha tabaka hurudishwa mahali pake bila kushonwa. Wengi huona vizuri kesho yake, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kupendwa kwake. Hata hivyo, tabaka lile halirudii uimara wake wa awali, na vipo visa vya kufyatuka kwa pigo la jicho hata baada ya miaka. Kwa mtu anayepigwa viwiko chini ya goli kila wiki, hilo si jambo la kupuuza. PRK haikati tabaka: ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, leza huchonga, na ngozi huota upya kwa siku 3 hadi 5 hivi chini ya lenzi laini ya kulinda jicho. SMILE, njia nyingine ya leza, nayo haina tabaka la kufunua, ila hutumika zaidi kwa wasioona mbali.

PRK ina gharama yake, na si ya fedha tu. Siku za mwanzo zina maumivu ya kweli. Machozi hayakauki, na hata mwanga wa simu unakera. Uoni hutulia polepole, kwa wiki kadhaa na wakati mwingine miezi, na jua kali katika kipindi hicho linaweza kuchangia konea kupata ukungu. Ndiyo maana nilipanga upasuaji wakati wa mvua, kazi za nje zinapopungua na vumbi limelala, na baadaye sikutoka bila miwani ya jua.

Sehemu isiyofaa kuharakishwa ni vipimo. Konea ya kawaida ina unene wa mikromita 540 hivi (milimita moja ina mikromita 1,000), leza huondoa takriban 12 hadi 15 kwa kila diopta, na katika LASIK madaktari hutaka zisalie angalau 250 chini ya tabaka lililokatwa. Ukiwa na diopta hasi 10 na konea nyembamba, usimbembeleze daktari. Ulizia lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho, ambayo haichongi konea na inaweza kutolewa, mradi chumba cha mbele cha jicho, yaani sehemu iliyo nyuma ya konea, kiwe na nafasi ya kutosha. Wenye mzio wanaosugua macho mara kwa mara wahakikishe wamechorewa ramani ya konea, kwa sababu konea inayoanza kuchongoka hudhoofishwa zaidi na leza. Kuna pia kikaratasi kinachoning'inizwa kwenye ukope wa chini kwa dakika 5 kupima machozi. Kinaudhi kidogo, lakini anayeshinda mbele ya kompyuta kwenye kiyoyozi anakihitaji kuliko mtu yeyote, kwani leza huongeza ukavu wa macho. Kama unavaa lenzi za macho, ziache kwa muda utakaoelekezwa, la sivyo vipimo vitadanganya.

Umri nao una usemi wake. Dada yangu, mhasibu aliyevuka miaka 45, aliambiwa wazi kwamba akirekebishwa macho yote mawili aone mbali, atahitaji miwani ya kusomea. Kwa kuwa akivua miwani husoma vitabu vyake vya hesabu bila taabu, aliamua kubaki kama alivyo, na nadhani aliamua vyema.

Jicho la asiyeona mbali kwa kawaida ni refu, na urefu huo huvuta retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Leza haibadilishi urefu huo, kwa hiyo aliyekuwa na diopta hasi nyingi aendelee kukaguliwa retina. Omba pia nakala ya vipimo vyako vya kabla ya upasuaji na uitunze pamoja na vyeti vyako: ukija kupata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atazihitaji namba hizo ili kukokotoa lenzi ya kukuwekea.