Tokeni za soko la wakulima: kwa nini hawakurudishii chenji ya EBT

Swali: Habari yako. Niko hapa Louisville, Kentucky, na familia, tumetoka Kongo, tuna kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali. Jumamosi nilienda soko la wakulima, mezani wakakata dola 20 kwenye kadi wakanipa vipande vya mbao vya rangi mbili, vyekundu 20 na vya kijani 20. Nikanunua lengalenga na nyanya chungu, vyote dola 7 na nusu, nikatoa vyekundu 8, muuzaji hakunirudishia ile nusu dola. Kwa mtu wa mayai nikatoa vya kijani, akakataa. Na kuku mzima anayetembea nikakataliwa kabisa. Nimeibiwa ao ni sheria?

Jibu: Nzuri mama, na pole kwa usumbufu. Hujaibiwa, ni sheria, ila naona hakuna aliyekaa na wewe dakika mbili akueleze, na hilo linaniuma manake mimi kazi yangu ndo hiyo hiyo, nakaa meza ya soko nakata kadi za watu, na nimeona wengi wanaondoka wakiamini wamedhulumiwa na hawarudi tena.

Tuanze na ile nusu dola. Dukani mashine inakata hela kamili kwenye kadi mpaka senti ya mwisho, kwa hiyo chenji haipo kabisa. Sokoni sasa, wakulima wengi hawana mashine yao, soko zima lina mashine moja pale mezani na kibali kimoja cha serikali kuu, ndo maana unakatiwa kwanza halafu unapewa tokeni, yaani vile vipande vya mbao, mkulima akishazikusanya anazirudisha mezani soko linamlipa hela yake. Tokeni ya EBT kwa kawaida ni dola moja moja, na pesa ya fudi stempu, yaani huo msaada wa chakula ulioko kwenye kadi ya EBT, hairuhusiwi kugeuka keshi hata kidogo, yule muuzaji angekupa sarafu mbili za robo angekuwa amevunja sheria na soko lingeweza kupoteza kibali. Kwa hiyo usimkasirikie.

Ila usikubali kupoteza pia! Bei ikiwa 7 na nusu una njia mbili, toa tokeni 7 uongeze nusu dola ya mfukoni mwako, au mwambie "nijazie mpaka 8 kamili", atakuongezea fungu dogo la majani ya vitunguu au nyanya mbili tatu, wauzaji wameshazoea na wengi wanafurahi kufanya hivyo. Mimi huwa nawaambia watu wapige hesabu kabla ya kunyoosha mkono, manake ukishatoa tokeni ya nane na mzigo uko kwenye mfuko inakuwa ngumu kuanza kujadiliana.

Sasa rangi. Hapa ndo penye faida yako kubwa na naomba uelewe vizuri. Zile nyekundu 20 ndo hela zako zilizotoka kwenye kadi. Zile za kijani 20 hazikutoka kwenye kadi yako, ni nyongeza umepewa bure, kwa Kentucky mpango unaitwa Kentucky Double Dollars, sehemu nyingine una majina mengine, kama Double Up Food Bucks ulioanzia Detroit mwaka 2009. Unakata dola yako unaongezewa nyingine, mpaka kiwango ambacho soko limeweka kwa siku. Lakini nyongeza ina masharti yake, mara nyingi inanunua matunda na mboga tu, ndo maana mtu wa mayai alikataa. Kwa hiyo wewe ulifanya kinyume, mboga ukalipia kwa nyekundu halafu mayai ukataka kwa kijani. Jumamosi ijayo geuza: lengalenga, nyanya chungu, mahindi, matofaa, vyote lipa kwa kijani kwanza, nyekundu ziweke kwa ajili ya mayai, nyama, asali, mkate, maziwa. Utaona mfuko unavyojaa. Ila rangi zinabadilika soko hadi soko, soma maandishi yaliyochapwa kwenye tokeni au uliza pale mezani.

Kuku: fudi stempu hainunui mnyama aliye hai. Kuku aliyechinjwa na kusafishwa sawa, samaki aliyeshatolewa majini sawa. Sambusa ya moto, sabuni na maua ya urembo hapana. Lakini miche na mbegu za chakula ni halali kabisa, tangu mwaka 1973, na watu wetu wengi hawajui hili! Mche wa nyanya, pilipili, mbegu za lengalenga, mradi zinazaa kitu cha kuliwa, lipa na tokeni nyekundu panda nyuma ya nyumba au hata kwenye ndoo.

Zilizobaki usizitupe. Masoko mengi tokeni za EBT haziharibiki haraka, wiki kadhaa zilizopita bibi mmoja alifungua fundo la kitenge mbele yangu akatoa tokeni 14 za msimu uliopita, alikuwa ameogopa kuzitumia, tukazipokea zote akaondoka na viazi vitamu na mayai. Ila zinatumika soko lile lile tu, na za nyongeza saa nyingine zina mwisho, uliza tarehe. Ukiona umekatiwa nyingi mno, rudi mezani siku hiyo hiyo, masoko mengi wanaweza kuzirudisha kwenye kadi. Mtu akikuambia akupe keshi dola 10 kwa tokeni 20, kataa, hiyo inaweza kukutoa kwenye msaada wa fudi stempu. Na namba ya siri bonyeza mwenyewe, hata mimi niliyekaa mezani sitakiwi kuijua.

Kama una mtoto mdogo kwenye WIC, mpango wa serikali wa lishe ya akina mama na watoto wadogo, au mzee wa miaka 60 na kuendelea nyumbani, kuna kuponi zao za soko la wakulima, ni tofauti na EBT, ulizia mapema msimu ukianza kwa sababu huwa zinaisha.

Kwa hesabu yako nyekundu 12 bado unazo, na kijani zote 20. Nenda nazo Jumamosi, kabla hujakata kadi tena.