Maswali ya wasomaji: Mkopo wa chuo, cheti cha kifo na herufi moja iliyokosewa

Kila dirisha (kipindi cha kuomba mkopo) la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu likikaribia, barua za wasomaji wa Kanda ya Kati hugeukia jambo moja. Safari hii tumejibu nne.

*Shikamooni. Mwanangu amemaliza kidato cha sita, anataka kuomba mkopo. Baba yake alifariki tukamzika kijijini, hatukuchukua cheti chochote. Tena cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimeandikwa Yohana, vyeti vya shule vyote vinasema Johana. Nianzie wapi?*
Mama, Kibaigwa

Marahaba, mama, na pole. Anza na cheti cha kifo leo hii, usisubiri dirisha lifunguliwe. Bodi haiji Kibaigwa kuona mnavyoishi, inasoma karatasi. Bila cheti cha kifo kilichohakikiwa, mwanao atasomeka kama mtoto mwenye baba aliye hai, hata kijiji kizima kikiapa.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji alikozikwa marehemu, uombe barua inayotaja jina lake kamili, tarehe ya kifo na mahali. Kama kilitolewa kibali cha mazishi, kitafute hata kama kimechakaa. Ukishavipata, nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Kongwa, ambako vizazi na vifo husajiliwa kwa niaba ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kifo kilichochelewa kusajiliwa huulizwa maswali mengi kuliko cha jana, kwa hiyo beba kitambulisho chako, cheti cha ndoa kama kipo, na ikiwezekana ufuatane na ndugu aliyekuwepo mazishini.

Ukipata cheti, kazi imefika nusu. Cheti cha kuzaliwa na cha kifo vyote hupelekwa RITA kwa mtandao vihakikiwe: unaviskani kwa rangi, unapakia, unalipia kwa namba ya malipo unayopewa, kisha unasubiri jibu. (Waliozaliwa Zanzibar huhakikiwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa huko, si RITA.) Wiki za mwisho za dirisha foleni ya uhakiki huwa ndefu, na hapo ndipo watoto wa vijijini huachwa nyuma. Huo uhakiki ndio unaoambatanishwa kwenye maombi ya mkopo. Kivuli cha cheti peke yake hakitoshi.

Kuhusu Yohana na Johana: mwalimu anajua ni mtoto mmoja, mfumo haujui. Ushauri wetu ni kurekebisha cheti cha kuzaliwa kifuate vya shule, si kinyume chake. Matokeo ya Baraza la Mitihani yakishatoka ni vigumu mno kugusa jina, na namba ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo inayomtambulisha mwombaji kila mahali, chuoni na kwenye mkopo. Kosa la herufi hurekebishwa RITA. Kama jina lingekuwa jingine kabisa, tuseme Johana na Mathayo, mngehitaji wakili aandae hati ya kubadili jina na isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Mkiwa katika shughuli hiyo, tazameni pia jina lililoko NIDA, yaani kwenye kitambulisho cha taifa, na kwenye akaunti ya benki ya mtoto. Fedha zikija kwa Johana na akaunti ni ya Yohana, mtaanza upya.

Jambo la mwisho, mama: kama kaya yenu imo TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, chukua uthibitisho na namba ya kaya. Hilo lina uzito mkubwa katika kupima uhitaji, na tunashangaa ni wangapi hulisahau.

*Nimejaza fomu steshenari, nimelipa 30,000, nikaambiwa tayari. Rafiki yangu anasema bado. Pia mdhamini wangu ni mjomba, mkulima wa alizeti tu. Atakubaliwa?*
Kijana, Chamwino

Rafiki yako yuko sahihi. Hizo 30,000 ni ada ya maombi, hazirudishwi, na zinakufungulia mlango tu. Ukimaliza kujaza kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo mtandaoni, unachapa fomu, unatia saini, mjomba anatia saini na kubandika picha yake, mwenyekiti au mtendaji anathibitisha kwa jina, saini na muhuri, kisha wakili au hakimu anashuhudia kiapo. Halafu kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupakiwa tena, ndipo unabonyeza kuwasilisha. Asiyebonyeza hapo mwisho hajaomba kitu, hata awe amelipa.

Mjomba anafaa. Mdhamini si lazima awe na mshahara. Anatakiwa awe na kitambulisho kinachokubalika na aelewe anachokisaini.

Makosa tunayoyaona zaidi ni madogo hadi yanakera. Muhuri wa kijiji upo lakini jina la aliyegonga halipo. Ukurasa umepigwa picha kwa simu chini ya mwembe, kivuli kimefunika saini. Mwombaji amerekebisha taarifa baada ya kuchapa, fomu iliyosainiwa ikawa haifanani na iliyomo mfumoni. Na lile la steshenari: kijana wa duka hutumia namba yake ya simu na kubuni nywila, dirisha la marekebisho linafunguliwa, wewe huna pa kuingilia. Tumia simu yako, andika nywila yako kwenye daftari.

*Nilirudia mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo nina namba mbili. Vyuo viwili vimenichagua, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kingine cha Dar es Salaam. Majina ya mkopo yametoka, langu halipo.*
Msomaji, Kondoa

Hapo kuna mambo mawili. Kwanza, tazama namba ya kidato cha nne uliyoombea chuo na ile uliyoombea mkopo. Zikitofautiana, Bodi haioni kwamba umedahiliwa, na asiye na udahili hapangiwi. Pili, aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Kabla hujathibitisha, unaelea. Thibitisha, kisha angalia akaunti yako ya SIPA, yaani akaunti binafsi ya mwombaji kwenye mtandao wa Bodi, kwa sababu majina hutoka kwa awamu na ya kwanza si ya mwisho.

Awamu zikiisha bila jina lako, au ukipewa kidogo, kuna dirisha la rufaa humo humo SIPA. Rufaa ya maneno matupu haisaidii. Weka karatasi ambayo haikuwepo mwanzo: cheti cha kifo kilichopatikana baadaye, fomu ya ulemavu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, au uthibitisho wa TASAF.

*Nilimaliza kidato cha sita zaidi ya miaka mitano iliyopita. Bado naweza kuomba? Na makato yakoje baadaye?*
Msomaji, Manyoni

Kwa cheti hicho pekee, mlango umefungwa: mwongozo unataka sifa uliyoipata ndani ya miaka mitano na umri usiozidi 35. Ukisoma stashahada sasa, hiyo itahesabiwa kuwa sifa mpya. Stashahada yenyewe nayo hukopeshwa tangu 2023/24, ila kwa fani za kipaumbele kama afya, ualimu, kilimo na madini, si kila kozi.

Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi hadi deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowatesa wahitimu wengi, ilifutwa 2021.

Na kwa wote wanaokwenda chuoni: bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, haliji siku ya kuripoti. Mpaka usajiliwe chuoni, ukamilishe taarifa zako na utie saini ya kupokea fedha, wiki kadhaa zinaweza kupita. Njoo na hela ya chakula na nauli ya mwezi wa kwanza. Ukiona wenzako wameshalipwa na wewe bado, nenda kwa afisa mikopo wa chuo na namba yako ya kidato cha nne mkononi. Ndiyo kitu cha kwanza atakachokuuliza.